Mambo Matatu, Moja la Uongo

Daktari alinieleza kwa kuchora. Alichukua karatasi, akachora kitu kama chungu kilichogeuzwa mdomo chini, kisha akaujaza ule mdomo kwa wino. Akasema kondo la nyuma limekaa pale, limeziba njia ya mtoto, na damu niliyoiona asubuhi ile bila maumivu yoyote ilitoka hapo. Ingeweza kurudi wakati wowote, na ikirudi ingeweza isikatike. Kwa hiyo nisinyanyue kitu, nisikanyage cherehani, nisitembee isipokuwa kwenda chooni na kurudi kitandani. Nikamuuliza mpaka lini. Akasema mpaka mtoto atoke.

Mimba ilikuwa ya miezi mitano.

Tulikuwa tumepanga vyumba viwili Mkolani, upande wa mlimani. Mimi ni fundi cherehani, na kibanda changu kilikuwa kando ya barabara kuu. Mume wangu ni mwashi. Mwaka ule alikuwa ng'ambo, Sengerema, kwenye ujenzi wa madarasa, na daraja la ziwani lilikuwa bado halijaisha, kwa hiyo alivuka kwa kivuko Jumamosi kuja nyumbani na kurudi Jumatatu alfajiri. Binti yetu alikuwa na miaka mitano. Mimi ndiye niliyekuwa nampeleka chekechea, kwa sababu ilibidi kuvuka barabara ya malori. Nilipolazwa kitandani, na yeye masomo yake yakaishia hapo.

Watu waliokuja kuniona walisema nina bahati, nipumzike. Walikaa kidogo, wakaondoka kwa miguu yao. Jirani alituachia chakula na maji siku ambazo mume wangu hayupo. Mimi nikabaki nikitazama mabati na mbao za kenchi, na dirisha la nondo. Mwanza kila mtu anakusimulia ziwa. Dirisha langu lilitazama jiwe. Lilikuwa jiwe kubwa la kijivu lililopanda mpaka juu ya paa, na juu yake kipande cha anga kisichozidi upana wa kanga. Asubuhi mjusi mwenye kichwa chekundu alipanda kuota jua. Mchana jiwe lilirudisha joto lote chumbani. Nilimchukia yule mjusi kwa sababu alikuwa anakwenda na kurudi.

Mwanzoni nilimpa mtoto simu. Alitazama katuni mpaka bando likaisha, kisha akabaki ameishika ile simu imezima, akijitazama usoni kwenye kioo chake. Siku ya tatu au ya nne niliona ameacha kuniuliza maswali. Mtoto aliyekuwa anauliza kwa nini maji ya kunywa hayana rangi sasa alikuwa anakaa mlangoni, mgongo ukutani, akitafuna kucha. Nikaogopa. Nilikuwa nimefungiwa mimi, nikawa namfungia na yeye.

Siku moja alipindua kopo langu la vifungo vya nguo juu ya shuka. Vikamwagika, vingine vikaingia uvunguni. Nilitaka kumgombeza, maana mimi nisingeweza kuinama kuviokota. Nikamwambia badala yake aviokote vyote, kisha avigawe mafungu. Akavigawa kwa rangi. Nikamwambia avichanganye tena, avigawe kwa namna nyingine. Akafikiri, akavigawa kwa matundu, vya matundu mawili huku na vya manne kule. Nikamwambia namna nyingine tena. Alikaa muda mrefu, kimya kabisa, na mimi nikakaa kimya kwa sababu sikuwa na pa kwenda. Mwishowe akatengeneza mafungu mawili ambayo mimi sikuyaelewa. Nikamuuliza ni mafungu gani.

"Hivi vinataka kwenda kanisani," alisema, "na hivi vinataka kubaki nyumbani."

Nikavitazama. Kweli, upande mmoja kulikuwa na vile vinavyong'aa na vya lulu, upande wa pili vya mashati ya shule na suruali za kazi. Kwa mara ya kwanza tangu nilale nilisahau mgongo wangu.

Basi tukaanza. Mume wangu alileta karatasi za mifuko ya saruji, zile za ndani zisizochafuka. Sisi mafundi tunazitumia kukatia vipande vya mfano. Nikakata nikiwa nimelala ubavu: mbele ya shati, mgongo, mikono, kola, mfuko. Nikamtupia mkekani, nikamwambia ajenge shati. Akaweka mkono shingoni. Akaweka kola chini kama pindo. Vidole vyangu vilikuwa vinawasha kumwonyesha. Kama ningekuwa na miguu, ningeshuka, ningemnyang'anya kipande na kukiweka mahali pake, tungemaliza kwa dakika moja na asingejifunza kitu. Kwa kuwa sikuweza, nilimuuliza tu, "Huyo mtu atapitishia wapi kichwa?" Akalitazama shati lake lisilo na shimo, akacheka, akaanza upya. Jioni alikuwa amelijenga, na kesho yake akalijenga akiwa amefumba macho, kwa kupapasa kingo.

Sitaki mtu adhani zilikuwa siku za furaha. Kulikuwa na mchana ambao nilisikia hatua zake na kopo likicheza mkononi mwake, nikafumba macho nijifanye nimelala. Alikuwa anasimama kando ya kitanda, nasikia pumzi yake. Siku moja akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, umelala au unanidanganya?" Sikujibu. Akakaa chini kusubiri. Ningeweza kulia, lakini hata kulia nilikuwa nakuogopa, nisije nikajikaza tumbo.

Mama mkwe alifika baada ya hapo. Alivuka kutoka Sengerema na gunia la viazi vitamu na kuku wawili. Nikamwamkia nikiwa nimelala, na aibu hiyo ilinikaa moyoni: shikamoo ya mkwe haitolewi mtu akiwa chali. Akaitikia marahaba, akatazama chumba, akashika ufagio. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, aliyelea watoto wanane huku akilima pamba. Hakuwahi kusema kuwa mimi ni mvivu. Lakini alikuwa anafagia karibu sana na kitanda, kwa nguvu, na kila alipobeba ndoo aliishusha kwa kishindo ambacho mimi nilikisikia kama maneno. Na mlango wa kuelekea uani akawa anaufunga, ili vumbi lisinifikie. Kwa hiyo hata ule mwanga uliokuwa unaingia kwa upande huo ukaondoka.

Alimpenda mjukuu wake tangu siku ya kwanza. Alimwita mayu, yaani mama, kama Wasukuma wanavyowaita hata wasichana wadogo kwa mapenzi. "Mayu, njoo ushike kuku." "Mayu, chukua kijiko." Na mtoto alikuwa anaitika mbio.

Mlango ulipofungwa ndipo nikabuni mchezo wa mambo matatu. Nilimtuma binti yangu aende uani, atazame, arudi kuniambia mambo matatu aliyoyaona. Mwanzoni alileta kuku, kuku na kuku. Baadaye akaanza kuleta vitu vyenye uzito: kwamba jirani ameanika shuka moja tu wakati kila siku huanika mbili, kwamba maji ya bomba yanatoka na mchanga. Nilipoona amezoea, nikaongeza sharti. Kati ya mambo matatu, moja liwe la uongo, na mimi nilitafute. Ila siruhusiwi kukisia kabla ya kuuliza maswali, na yeye lazima ajibu kila swali bila kucheka.

Uongo wake wa kwanza ulikuwa tembo juu ya paa. Nikamuuliza amefikaje huko, akashindwa. Polepole akaelewa kwamba mtu anayedanganya hushindwa kusema kilichofuata. Akawa anauandaa uongo wake uani kabla ya kuingia, anaupa rangi, anaupa mwanzo na mwisho. Siku nyingine alinishinda, nami nikabaki nimelala najiuliza kama kweli mbuzi alikula soksi.

Mama mkwe hakuupenda. Alisimama mlangoni na mwiko mkononi akasikiliza duru nzima, kisha akaniambia kwa upole uliokuwa mgumu kuliko ukali, "Mwanangu, unamfundisha mtoto uongo." Nilijaribu kumweleza kwamba namfundisha kuuchunguza. Akasema kwao mtoto alifundishwa kunyamaza akiwa hana la kusema. Sikubishana. Nilikuwa nakula chakula cha mikono yake.

Jambo ninalotaka kulisimulia lilitokea mchana, baada ya chakula, saa ambayo mtaa mzima hunyamaza kwa joto. Nilikuwa nasikia bomba la uani linatiririka, na lilikuwa limetiririka kwa muda. Nilikuwa nimeanza kuwaza kwamba mama mkwe anapoteza maji. Binti yangu akaingia, akasimama mahali pake pa siku zote, mikono nyuma.

Alisema ameona mambo matatu. La kwanza, kuku wa jirani ameingia jikoni kwetu. La pili, bibi amelala pale bombani. La tatu, wingu limekaa juu ya jiwe kama kofia.

Nilicheka. Lilikuwa jepesi mno. Mama mkwe hakuwa mtu wa kulala mchana, sembuse chini, sembuse kwenye saruji ya bombani. Nikasema la pili ndilo la uongo.

"Hujauliza," alisema. "Lazima uulize kwanza."

Ni kweli, sharti lilikuwa hilo. Nikamuuliza bibi amelalia nini. Akasema hajalalia kitu. Nikamuuliza kanga ya bibi ikoje. Akasema imelowa. Uso wake ulikuwa umetulia, anajitahidi asicheke, kama siku zote. Nikauliza ndoo iko wapi.

"Imelala na yeye."

Hapo nikaanza kusikia lile bomba kwa namna nyingine.

"Bibi anasema nini?"

"Ananiita. Anasema mayu, mayu. Lakini nikimwitikia haniangalii."

Mama wa mama mkwe alikuwa amefariki miaka mingi kabla sijaolewa. Nilijua ni nani aliyekuwa anaitwa. Nikamuuliza mtoto wangu jambo la uongo ni lipi.

"Kuku," alisema. Na akatabasamu, kwa sababu alikuwa amenishinda.

Nilishusha miguu. Saruji ilikuwa ya baridi, na mwili ulikuwa umesahau kusimama. Nilishika cherehani iliyoletwa kutoka kibandani, nikashika ukuta, nikafika mlangoni. Nilipofungua ule mlango, nilisikia. Hakuwa anapiga kelele. Ilikuwa sauti ndogo, ya mtu anayeongea peke yake. Kutoka mlangoni bomba halikuonekana, lilikuwa nyuma ya kona ya jiko. Nilikuwa na hatua chache tu za kwenda. Nikaweka mkono tumboni, na mtoto wa ndani akageuka.

Sijawahi kusimama mahali pagumu kama pale. Nikienda, nitamnyanyua, maana nisingeweza kumwona chini nikamwacha. Na nikimnyanyua, ninaweza kumaliza maisha yangu na ya huyu wa tumboni pale pale, mbele ya huyu wa miaka mitano. Nisipokwenda, mama wa mume wangu analia kwa ajili ya mama yake na mimi nimeegemea mlango.

Sikwenda. Nilipiga simu kwa jirani, nikaisikia ikilia ng'ambo ya ukuta, nyumba ya pili, hakuna aliyeipokea. Nikamwinamia binti yangu kadiri nilivyoweza. Alikuwa amekatazwa kuvuka geti peke yake, na alikuwa mtoto wa kushika makatazo. Nikamwambia leo namruhusu. Aende mlango wa jirani, agonge mpaka ufunguliwe. Nikamuuliza atasema nini.

Akaanza, "Nimeona mambo matatu..."

"Hapana. Leo usiseme matatu. Sema moja, na liwe la kweli."

Akafikiri. Niliona anafikiri, macho yamekwenda pembeni kama alivyofanya kwenye vifungo.

"Bibi ameanguka bombani, mama haruhusiwi kumbeba, njoo wewe."

Sikuwa nimemfundisha maneno hayo. Nikamwambia nenda.

Alikimbia, na mimi nikabaki nimeshika kizingiti. Nilimwita mama mkwe, nikamwambia mama, watu wanakuja, usijisogeze. Maji yalikuwa yanatiririka. Sijui kama alinisikia. Nilisikia mtoto anagonga geti la jirani, kisha kimya, kisha anagonga tena kwa jiwe. Nilihesabu ninavyopumua ili nisisogee. Halafu sauti ya jirani ikaja juu ya ukuta, na ya mume wake aliyekuwa amelala, ambaye ni dereva wa bajaji, na bomba likafungwa.

Ndipo nikarudi kitandani na kujitazama kama kuna damu. Hakukuwa na damu.

Mama mkwe alikuwa ameteleza na ndoo, mguu umevunjika juu ya kifundo, na kichwa kimegonga ukingo wa saruji. Hospitali walimfunga hogo la plasta mpaka chini ya goti na kumlaza siku kadhaa kwa ajili ya kichwa. Mume wangu aliomba ruhusa kazini akavuka. Alipomrudisha mama yake, hakukuwa na mahali pa kumlaza palipo karibu na choo isipokuwa chumbani kwangu. Akaweka kitanda cha pili kando ya ukuta wa pili. Kwa hiyo tukawa wawili, mama mkwe na mkwe, tunatazamana, na jiwe dirishani.

Siku za kwanza hatukuwa na la kusema. Mwanamke yule hakuwa amewahi kulala mchana maishani mwake, na mikono yake ilikuwa inatafuta kazi juu ya shuka. Nilijua ile hali. Nilimwona anamtazama mjusi na nikajua anavyomtazama.

Binti yangu ndiye aliyeanza. Alimpelekea vifungo. Bibi yake akavishika, akavipima mkononi, akauliza kama kuna trei la mayai. Lilipoletwa, akalikata vipande viwili kwa mkasi wangu, akaunganisha safu za mashimo, akapanga vifungo, akamwonyesha mtoto isolo, bao la Kisukuma, la namna ambayo alisema wanawake wa kwao waliicheza. Walicheza wakisukumiana trei kitandani. Mtoto alishindwa kwa siku nyingi. Bibi hakumpunguzia hata kifungo kimoja, na mimi nilipomwombea huruma aliniambia nimwache ahesabu. Baadaye nilimwona binti yangu ameshika mkono hewani kabla ya kuchukua, midomo inacheza, anatembea na vile vifungo kichwani kabla hajavigusa.

Siku moja wakati mtoto yuko uani na baba yake, mama mkwe aliniambia bila kunitazama kwamba wa kwake wa tatu alimpoteza hivyo hivyo. Damu bila maumivu. Ulikuwa msimu wa kuvuna pamba, na wakubwa wa boma la mumewe walimwambia asijifanye mgonjwa. "Nilivuna," alisema. "Nilipokuona umelala, mwanangu, nilikuwa naogopa. Nikiogopa nafagia."

Nilimsogezea chai yake kwa ncha ya vidole, mpaka ukingo wa meza.

Alipomaliza kuinywa akaongeza kwamba ule mchezo wa uongo bado haupendi.

Mtoto naye alichoka na sisi. Asubuhi moja alitutazama wote wawili, kushoto na kulia, akasema hataki vifungo, anataka kwenda kucheza na watoto. Niliogopa, kwa sababu nilijua kwamba akitoka, chumba kitabaki chumba. Bibi yake ndiye aliyesema aende. Alirudi muda si mrefu akiwa amenuna. Wenzake walikuwa wanacheza rede, na yeye kila mpira ukirushwa alikuwa anauliza kwa nini fulani ametoka na fulani hajatoka, mpaka wakamfukuza. Nikamwambia kesho acheze tu, asiulize. Kesho yake alikaa mpaka chakula kikapoa, na alirudi na magoti yaliyochubuka, na hakutuambia jambo hata moja aliloliona.

Damu ilirudi nikiwa nimeingia mwezi wa nane. Ilikuwa asubuhi, mume wangu yupo, bajaji ya jirani ipo. Mama mkwe aliniita kutoka kitandani kwake wakati wananitoa, lakini sikusikia alichosema. Hospitali walinipasua saa ile ile. Mtoto alikuwa wa kiume, mdogo kiasi cha kutisha, na kwa wiki kadhaa nilimbeba kifuani ngozi kwa ngozi, wodini, nimefungwa tena, safari hii kwa kanga.

Sote tulipona. Mama mkwe anachechemea kidogo, na alivuka kurudi kwake mara tu alipoweza kukanyaga. Hakutaka kusubiri hata siku moja zaidi, na mimi nilimwelewa kuliko mtu yeyote. Binti yangu yuko darasa la nne. Anapenda hesabu, anabishana na walimu, na hupoteza viatu.

Mdogo wake sasa ana umri ule aliokuwa nao dada yake. Nimemwekea vifungo mbele yake zaidi ya mara moja. Huvimwaga, hutazama vinavyobingirika, kisha anatoka. Hawezi kukaa. Anapanda lile jiwe la nyuma ya nyumba kwa mikono na miguu, na nikimwita anashuka upande wa pili, kwa hiyo inanibidi nitoke mwenyewe nikamtafute. Ninaacha cherehani, navaa ndala, nazunguka.